Mikopo ya biashara: namna deni la bwana, bibi ao mshirika linafunga mlango wa banki mashariki mwa Kongo

Mchuruzi anaweza kuwa analipa vizuri kwa miaka mingi, duka lake linatembea, hesabu zake ziko wazi, lakini siku anapoomba mkopo wa kuongeza mali anaambiwa hapana. Sababu haiko kwake. Iko kwa bwana yake, kwa bibi yake, ao kwa mtu ambaye wanafanya naye biashara, na ambaye aliwahi kukopa mahali fulani bila kumaliza deni. Wachuruzi wa Bukavu, Goma, Butembo na Bunia wanajua jambo hili tangu zamani. Tangu mwaka wa 2025 limepata uzito mwingine, kwani wengi ambao majina yao yana doa leo hawakukataa kulipa. Mali yao iliporwa, na banki zenyewe zilikuwa zimefunga milango.

Kwa nini banki inamuangalia mtu ambaye hakuomba mkopo

Banki Kuu ya Kongo (BCC) iko na ofisi ya kukusanya habari za mikopo, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa "Centrale des risques". Wanaokopesha wanapeleka kule habari za wateja wao: nani anadaiwa, anadaiwa kiasi gani, na kama analipa kwa wakati. Sheria namba 22/069 ya tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka wa 2022 inapanga kazi ya banki, na sheria namba 11/020 ya tarehe 15 mwezi wa 9 mwaka wa 2011 inapanga kazi ya mikrofinanse. Zote mbili ziko chini ya uangalizi wa BCC.

Lakini mashariki mwa inchi, ajenti wa mikopo hategemei kompyuta peke yake. Anafika dukani, anafika nyumbani, anauliza majirani na chefu wa avenyi. Anahesabu magunia katika depo na kuandika ni watoto wangapi wanasoma. Anauliza pia, hata kama mteja hakusema kitu: "Na mzee wa nyumba anafanya kazi gani? Yeye hana deni mahali?"

Ulizo hilo lina sababu tatu. Ya kwanza ni mfuko. Katika biashara nyingi ndogo, feza ya duka na feza ya nyumba ni moja. Bwana akidaiwa, watu wa deni wakija kupiga mlango, ni duka la bibi ndilo litalipa. Ya pili ni rehani. Kiwanja ambacho bibi anataka kuweka kama rehani kinaweza kuwa kile kile ambacho bwana alikwisha kuweka kwa mkopeshaji mwingine. Ya tatu ndiyo inaogopesha zaidi wakopeshaji: ni nani hasa anaomba mkopo? Mtu ambaye jina lake limeharibika anaweza kumtuma bibi yake, dada yake ao mshirika wake akope kwa jina safi, kisha feza ikaingia katika mfuko wake. Wakopeshaji wanalijua jambo hilo la kukopesha jina, na ndiyo maana mwanamke ambaye anaomba mkopo wake wa kweli anapashwa kuhakikisha kwanza kwamba hakutumwa.

Katika ndoa: sahihi mbili, majina mawili

Sheria ya jamaa ya Kongo, ile ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 1987, ilikuwa inamuomba mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa kila tendo la kisheria ambalo linamfunga. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Tangu wakati huo, bwana na bibi wanapashwa kusikilizana juu ya matendo ambayo yanawafunga, na jambo hilo linagusa wote wawili.

Kwa wanawake wachuruzi ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, katika ofisi ya mikopo matokeo yake hayakuwa yale ambayo wengi walitazamia. Kwa kuwa wote wawili wanapashwa kukubali, mkopeshaji anaomba sahihi za wote wawili. Na akiomba sahihi mbili, anachunguza majina mawili. Zamani bibi alizuiliwa na ukosefu wa ruhusa ya bwana. Leo anaweza kuzuiliwa na deni la bwana.

Mpango wa mali ya ndoa unaongeza ugumu. Sheria inatoa njia tatu: kila mtu na mali yake, mali yote kuwa ya pamoja, ao mali iliyopatikana ndani ya ndoa kuwa ya pamoja. Wale ambao hawakuchagua kitu siku ya kuandikisha ndoa wanahesabiwa katika njia hiyo ya mwisho. Kiwanja walichonunua baada ya kuoana ni cha wote, hata kama feza ilitoka kwa duka la bibi peke yake. Mkopeshaji anajua kwamba siku ya kuuza rehani, mdai mwingine wa bwana anaweza kutokea na karatasi zake.

Chukua mfano wa mama mmoja ambaye anauza vitenge katika soko la Kadutu. Tuseme kila mwisho wa mwezi, akishaondoa kodi ya duka, chakula na masomo ya watoto, anabaki na dola 420. Anaomba dola 3.000 kwa miezi 12, kwa riba ya 3% kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Atapashwa kulipa karibu dola 301 kila mwezi. Hesabu inaingia. Lakini ajenti anakuta kwamba bwana yake anadaiwa mahali pengine, na kwamba deni hilo linahitaji dola 150 kwa mwezi. Mfuko wa nyumba ukiwa mmoja, mama anabaki na dola 270, na 270 haifikie 301. Kwa mkopeshaji, mkopo huu sasa ni hatari.

Mfano huo unaonyesha jambo ambalo waombaji wengi hawaambiwi: jibu haliko tu ndiyo ao hapana. Kwa dola 2.500, malipo yangekuwa karibu dola 251 kwa mwezi, na dola 270 zingeweza kuyabeba, ingawa kwa shida. Mteja ambaye anajua hesabu hii mapema anaweza kuomba kiasi kidogo, ao muda mrefu zaidi, kuliko kurudi nyumbani na karatasi ya kukataliwa.

Katika kampuni: nani anabeba deni la nani

Kwa wale ambao wanashirikiana bila kuoana, ulizo la kwanza ni umbo la biashara yao. Tangu tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka wa 2012, Kongo iko ndani ya OHADA, na sheria za biashara ni zile zile kama katika inchi zingine za umoja huo.

Watu wawili wakianzisha kampuni ya aina ya SNC, kila mmoja anabeba madeni yote ya kampuni, na mali yake ya nyumbani inaweza kufikiwa. Hapo mshirika mwenye deni la zamani ni hatari ya wazi kwa mkopeshaji. Katika SARL, mshirika anapoteza tu kile alichoweka katika kampuni. Kisheria, deni ambalo mshirika alichukua kwa mambo yake mwenyewe si deni la SARL.

Lakini mbele ya meza ya mikopo ukuta huo unakuwa mwembamba. SARL ndogo ya watu wawili, yenye mwaka mmoja katika rejista ya biashara RCCM na bila jengo lake, haina kitu kikubwa cha kuweka kama rehani. Mkopeshaji anaomba kwa hiyo washirika wenyewe wasimame kama wadhamini, wale ambao watu wanaita "avalizeri". Mshirika akisimama mdhamini, jina lake linachunguzwa. Na kama yeye ndiye jerani wa kampuni, yule ambaye anatia sahihi kwenye banki, dosiye inaweza kukwama kabla hata ya kuzungumzia rehani.

Kuna wengi zaidi ambao hawana SNC wala SARL. Wanaagiza kontena moja pamoja kutoka Dubai ao China, kila mtu na sehemu yake, wakitegemea tu neno lao. Katika mji kama Butembo, kuaminiana kwa namna hiyo kumejenga biashara kubwa. Lakini kwa mkopeshaji, ushirika usio na karatasi hauna mipaka. Hawezi kujua kama mali iliyo katika depo ni ya mteja wake ao ya mshirika anayedaiwa. Akiwa na mashaka, anahesabu kwamba ni ya yule anayedaiwa.

Juu ya udhamini, sheria ya OHADA ya tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka wa 2010 iko wazi, na wachuruzi wangefanya vizuri kuijua. Udhamini hauwezi kudhaniwa tu. Lazima uandikwe, pande zote mbili zitie sahihi, na mdhamini aandike kwa mkono wake kiasi cha juu ambacho anakubali kubeba, kwa maneno na kwa namba. Asiyejua kuandika anapashwa kusaidiwa na mashahidi wawili. Kwa kawaida, mdhamini anahesabiwa kubeba deni sawasawa na mwenye deni: huyu asipolipa, banki inaweza kumgeukia mdhamini bila kungoja mali ya mwenye deni iuzwe kwanza. Wengi wanatia sahihi kwa sababu ni rafiki ao ndugu, na wanavumbua maana yake miaka miwili nyuma, wakati wao wenyewe wanapoomba mkopo na kuambiwa kwamba wana deni ambalo hawakukula.

Katika kikundi: doa la mmoja, adhabu ya wote

Mikopo ya kikundi ndiyo mlango wa wale ambao hawana kiwanja. Watu wanakusanyika, kila mmoja anapewa sehemu yake, na wote wanajibu kwa ajili ya wote. Mmoja akikosa, wengine wanalipa sehemu yake ao wanakosa mkopo unaofuata. Hapa hakuna haja ya kutafuta katika rejista ya BCC: akina mama wenyewe wanajua nani aliacha deni katika kikundi cha zamani, na wanamkatalia kabla ajenti hajafika.

Vivyo hivyo katika likirimba na katika vikundi vya akiba vya AVEC. Uzuri wake ni kwamba kikundi kinajua sababu. Mama ambaye alikosa kulipa kwa kuwa mtoto wake alikuwa hospitali hawekwi pamoja na yule ambaye alikula feza na kuhama mtaa. Wanachama wanaweza kumpa muda, kumkata kidogo kidogo, kisha kumrudisha. Rejista ya mikopo inasoma kiasi cha deni na siku za kuchelewa. Yale yaliyotokea katika nyumba ya mtu siku hizo haiyaoni.

Doa ambalo halikutoka kwa mtu

Tofauti hiyo ndiyo inauma leo katika Kivu mbili. Waasi wa AFC/M23 waliingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Depo na maduka yaliporwa. Banki zilifunga milango. Wakaaji walibaki wakitegemea simu, kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na kupata feza taslimu mkononi kulikuwa na bei yake. Wakati huo, tarehe za kulipa mikopo zilizoandikwa katika mikataba ziliendelea kupita.

Si mara ya kwanza. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka wa 2021 volkeno ya Nyiragongo ililipuka, ikachoma nyumba na maduka kaskazini mwa Goma, na siku tano nyuma sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Moto ulikula mali iliyonunuliwa kwa mkopo, lakini mkopo wenyewe haukuungua.

Sheria ya zamani ya mikataba, ile ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka wa 1888 ambayo ingali inatumika, inasema kwamba mtu hawezi kudaiwa fidia ikiwa alizuiliwa kutimiza ahadi yake na nguvu ambayo hakuweza kuishinda. Mdaiwa anaweza kuitumia mbele ya tribinali kupinga malipizi ya kuchelewa. Lakini haifuti feza ambayo alikopa. Na kuitumia kunahitaji avoka, tribinali inayofanya kazi na karatasi za kushuhudia uporaji, mambo ambayo mtu aliyekimbilia Uvira, Bujumbura ao Kampala hana.

Wakopeshaji nao wana hoja yao. Feza wanayokopesha ni, kwa sehemu kubwa, akiba ya wateja wengine. Mama aliyeweka dola 200 katika COOPEC anataka kuzikuta siku anapozihitaji. Mkopeshaji akisamehe kila mtu ambaye anasema "ni vita", wenye kudanganya watajificha nyuma ya wale walioporwa kweli, na akiba ya mama huyo itapotea. Kwa hiyo wanachagua njia rahisi: jina lenye doa, pamoja na majina yote yanayolizunguka, linangoja.

Lakini njia hiyo nayo ina gharama. Nyumba ambayo bwana alipoteza depo yake inabaki na mtu mmoja anayeweza kuinua biashara, mara nyingi ni bibi mwenye meza yake ya soko. Akinyimwa mkopo kwa sababu ya deni la bwana, deni hilo la bwana ndilo halitalipwa hata siku moja. Mkopeshaji anafunga mkono ambao ungemlipa.

Nini kinaweza kufanyika

Hatua ya kwanza kwa anayetaka kukopa ni kuuliza nyumbani mbele ya kuuliza banki. Bwana, bibi ao mshirika aseme wazi ni wapi alikopa, kiasi gani kimebaki na tangu lini hakulipa. Ajenti atagundua. Deni ambalo mteja alilisema mwenyewe linazungumziwa kama hesabu. Lile ambalo ajenti alilivumbua linazungumziwa kama uongo.

Hatua ya pili ni karatasi. Kama deni lilikwisha kulipwa, mkopeshaji wa zamani atoe barua inayosema limekwisha, na rehani iachiliwe kwa maandiko. Kama bado, ni afazali kupanga upya malipo na kupata mkataba mpya, hata wa dola 50 kwa mwezi. Miezi michache ya kulipa bila kukosa inasema zaidi kuliko maelezo marefu. Aliyeporwa atafute kila kitu kinachoshuhudia: cheti cha polisi ao cha chefu wa kata, picha, bordero za zamani, ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba alijaribu kulipa.

Hatua ya tatu ni kuangalia kama doa ni lake kweli. Kwa miaka mingi wakaaji wa Kongo wameishi bila kadi ya uraia, na kadi ya uchaguzi ndiyo inatumika kama kitambulisho. Jina linaandikwa mara hivi, mara vile, jina la ukoo likiwa mbele ao nyuma, na watu wawili wenye majina sawa wanaweza kuchanganywa. Sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023 inampa kila mtu haki ya kujua habari zake zinazohifadhiwa, na kuomba zile zenye makosa zisahihishwe. Ombi hilo lifanywe kwa barua, na nakala ibaki mkononi.

Hatua ya nne ni kutenga. Akaunti ya biashara isichanganywe na ya nyumba. Mshirika mwenye deni anaweza kubaki na sehemu yake katika SARL bila kuwa jerani wala mdhamini, na mtu mwingine mwenye jina safi akasimama. Rehani inaweza kuwa mali ya duka ao mashine, badala ya kiwanja cha ndoa. Na anayesimama kama mdhamini aandike mpaka wa kiasi anachobeba. Kitu kimoja tu kisifanyike: kukopesha jina. Mwanamke anayekopa ili bwana apokee feza anachukua deni lote juu ya kichwa chake, na siku mambo yakiharibika, nyumba inabaki na majina mawili yaliyochafuka badala ya moja.

Upande wa BCC na wakopeshaji, kazi si kufuta madeni. Ni kuandika sababu. Rejista ambayo inatenganisha deni lililokosa kulipwa mbele ya vita na lile ambalo lilikwama wakati milango ya banki ilikuwa imefungwa ingempa ajenti kitu cha kusoma zaidi ya idadi ya siku. Mtu ambaye alikuwa analipa kila mwezi hadi mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, kisha akakoma ghafula pamoja na mji mzima, hana hadisi sawa na yule ambaye aliacha kulipa tangu 2022.

Tofauti hiyo iko tayari katika tarehe za malipo ambazo kila mkopeshaji anahifadhi. Bila kuitumia, mama wa vitenge ataendelea kurudi nyumbani na jibu lile lile, kwa deni ambalo hakulichukua, na ambalo hata yule aliyelichukua hakupata mahali pa kulilipa.